Jozi na Hukumu: Historia ya Vipimo vya Takwimu na Swali la Kisuba katika Homa Bay na Migori

1. Utangulizi

Mwaka 1986 Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo walichapisha makala kuhusu Wasuba wa Kenya, wakaonyesha jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza linajipinga lenyewe. Fahari ya watu kujiita Wasuba ilikuwa ikikua, na wakati huo huo uwezo wao wa kukisema Kisuba ulikuwa ukipungua. Kwa maneno mengine, hadhi ya lugha na matumizi ya lugha zilikuwa zikienda njia mbili tofauti katika jamii moja, aghalabu ndani ya nafsi ya mtu mmoja.

Mtafiti anayetaka kulipima jambo hili hapana budi amwulize mtu yule yule swali lile lile mara mbili. Humwuliza kwanza ni kwa kiasi gani Kiluo, ambacho wenyewe hukiita Dholuo, kinafaa kumfundishia mtoto wa darasa la kwanza, naye ajibu kwa alama kuanzia 1 hadi 5. Kisha humwuliza vivyo hivyo kuhusu Kisuba. Majibu ni mawili, lakini yametoka katika kinywa kimoja. Hayo ndiyo yanayoitwa katika makala haya hukumu za jozi.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya vipimo vya takwimu vilivyobuniwa kwa ajili ya kulinganisha hukumu za namna hii, na kuonyesha kwamba kila kipimo hubeba ndani yake dai fulani juu ya maana ya alama aliyoitoa mhojiwa. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa kipimo si kazi ya karani wa hesabu peke yake. Ni sehemu ya hoja ya mwanaisimu, na anayeiacha kwa mazoea huenda akatangaza jibu ambalo wahojiwa hawakulitoa.

2. Mazingira ya swali

Kisuba ni lugha ya Kibantu, ndugu wa karibu wa Kikuria. Wasemaji wake wanapatikana katika visiwa vya Mfangano na Rusinga na katika nchi ya Gwassi, upande wa Homa Bay, na jamii ya Wasuba imefika hadi Muhuru upande wa Migori. Henry Okello Ayot, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu historia ya Wasuba, alizifuatilia safari za koo zao nyingi hadi ng'ambo ya ziwa, katika nchi za Buganda na Busoga. Walipofika waliishi jirani na Waluo, wakaoana nao, wakafanya nao biashara na uvuvi. Baadaye kanisa na shule zikaongeza nguvu ya Kiluo, kwa kuwa ndicho kilichokuwa lugha ya vitabu na mahubiri katika eneo hilo.

Migori inaonyesha kwamba mwisho wa mkutano kama huu hauwi mmoja daima. Wakuria, waishio upande wa mashariki wa Migori, wameendelea kukisema Kikuria nyumbani na sokoni. Wasuna, ambao nao wana asili ya Kibantu, wamekuwa wasemaji wa Kiluo. Jirani hao wawili waliingia katika karne ya ishirini wakiwa na nasaba za lugha zinazokaribiana, wakatoka wakiwa na lugha mbili zisizohusiana.

Maeneo haya yote yalikuwa zamani chini ya wilaya moja ya Nyanza Kusini. Sheria ya Wilaya na Mikoa ya 1992 iliitambua Homa Bay na Migori kuwa wilaya mbalimbali, na chini ya Katiba ya 2010 zikawa kaunti. Katiba hiyo, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi. Sera ya elimu nayo ilikwisha kugusa jambo hili tangu zamani: Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika madarasa matatu ya kwanza. Katika miaka ya 1990 juhudi zilifanywa za kukifundisha Kisuba katika baadhi ya shule za msingi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa 2019, nao umeziachia lugha za kienyeji nafasi katika madaraja ya chini.

Lakini lugha ya eneo la Mfangano ni ipi? Sensa haitoi jibu. Sensa ya 2009 ilihesabu Wasuba zaidi ya 139,000, na ile ya 2019 zaidi ya 157,000. Lakini sensa humwuliza mtu yeye ni wa kabila gani, haimwulizi asubuhi aliamka akisema lugha gani. Hapana njia ila kuwauliza wenyewe wanaitaka lugha ipi, na kuyapima majibu yao kwa uangalifu.

3. Kutoka kuhesabu matumizi hadi kupima hukumu

Uchunguzi mkubwa wa lugha katika Afrika Mashariki, uliogharimiwa na Ford Foundation kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, ulihusu nchi tano: Ethiopia, Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Kitabu cha Kenya kilihaririwa na W. H. Whiteley, kikatoka 1974, naye akiwa amekwisha kufariki. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuhesabu: nani anasema lugha gani, na nani, mahali gani. Hesabu za namna hiyo zina thamani kubwa, lakini hazisemi mtu anaithamini lugha kwa kiasi gani.

Njia ya kupima thamani ilikuwa imekwisha kufunguliwa kwingineko. Mwaka 1932 Rensis Likert alieleza namna ya kupima mwelekeo wa mtu kwa kumpa maelezo mengi, kila moja likijibiwa kwa ngazi za kukubali au kukataa, kisha alama za maelezo yote zikajumlishwa. Yafaa kusisitiza neno kujumlisha. Kwa Likert, kipimo kilikuwa jumla ya majibu mengi. Watafiti waliomfuata ndio waliozoea kulichukua swali moja lenye ngazi tano na kulipa jina lake.

Mwaka 1960 Wallace Lambert na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lao la Montreal. Watu wanaomudu lugha mbili walirekodiwa wakisoma kifungu kimoja kwa Kiingereza, kisha kwa Kifaransa. Wasikilizaji waliwapa alama wasomaji hao kwa sifa kama vile akili na wema, bila kujua kwamba sauti mbili zilikuwa za mtu mmoja. Hata wasikilizaji wenye asili ya Kifaransa waliipa sauti ya Kiingereza alama za juu zaidi katika sifa nyingi. Uzito wa jaribio hilo ulitokana na jozi. Kwa kuwa msemaji ni yule yule na msikilizaji ni yule yule, tofauti ya alama haiwezi kusingiziwa sauti nzuri ya huyu wala ukali wa yule. Kilichobaki ni lugha.

4. Vipimo vya jozi vilivyozaliwa

Kipimo cha kale kabisa cha jozi ni kile kiitwacho kipimo cha ishara. John Arbuthnot, daktari wa Malkia Anne wa Uingereza, alichukua daftari za ubatizo za London za miaka 82, kuanzia 1629 hadi 1710. Kila mwaka ulikuwa jozi: idadi ya wavulana na idadi ya wasichana. Katika miaka yote 82 wavulana walizidi. Hakuuliza walizidi kwa kiasi gani. Aliandika tu ishara ya kuzidi, akakokotoa kwamba sadfa tupu isingeweza kutoa mfululizo kama huo. Kipimo hiki, kwa lugha ya methali, kinasema: wengi wape. Kila mtu ana kura moja, awe amependelea kidogo au sana.

Hatua ya pili ilitoka katika kiwanda cha pombe. William Sealy Gosset, aliyefanya kazi kwa Guinness mjini Dublin na kuandika kwa jina la Student, alichapisha mwaka 1908 njia ya kupima wastani wa idadi ndogo ya vipimo. Mfano wake mmoja ulichukuliwa katika kazi ya Cushny na Peebles ya 1905, ambao waliwapa wagonjwa 10 dawa mbalimbali za usingizi na kuandika kila mmoja alizidisha saa ngapi za kulala. Kwa dawa moja wastani ulikuwa saa 0.75, na kwa nyingine saa 2.33. Tofauti ya wastani ni saa 1.58.

Mfano huo wastahili kukaa mbele ya kila mtafiti wa lugha. Takwimu hizo zikichukuliwa kana kwamba ni za makundi mawili ya watu mbalimbali, kipimo cha t hutoa 1.86, na uwezekano wa sadfa ni takriban 8 kwa 100. Mtafiti mwangalifu atasema hakuna ushahidi wa kutosha. Zikichukuliwa kama jozi, yaani tofauti ya kila mgonjwa na nafsi yake, kipimo cha t hutoa 4.06, na uwezekano wa sadfa hushuka hadi takriban 3 kwa 1,000. Hakuna tarakimu hata moja iliyobadilika. Kilichobadilika ni kukumbuka au kusahau kwamba aliyekunywa dawa ya kwanza ndiye aliyekunywa ya pili.

Frank Wilcoxon, mkemia wa Marekani, alitoa njia ya tatu mwaka 1945. Tofauti za jozi hupangwa kwa ukubwa bila kujali ishara zake, ndogo kabisa ikapewa nafasi ya 1, inayofuata nafasi ya 2, na kuendelea. Zinazolingana hugawana nafasi sawasawa. Kisha ishara hurudishwa, na jumla ya nafasi za upande mmoja hulinganishwa na jumla ya upande wa pili. Njia hii haikulazimu wastani, wala haikudai kwamba takwimu ziwe na umbo la kengele ambalo kipimo cha t hulitarajia.

Mwaka 1947 Quinn McNemar alishughulikia majibu ya ndiyo na hapana yanayotolewa mara mbili na watu wale wale. Alionyesha kwamba waliojibu vivyo hivyo mara zote mbili hawana la kusema juu ya mabadiliko. Wanaohesabiwa ni waliobadilika, wangapi huku na wangapi kule. Alan Stuart mwaka 1955, na A. E. Maxwell mwaka 1970, walilipanua wazo hilo hadi kwenye majibu ya ngazi nyingi.

Katikati ya historia hii ulizuka ubishi uliowagusa hasa wapimaji wa mielekeo. Mwaka 1946 S. S. Stevens alizigawa mizani za kupimia katika aina nne. Alisema kwamba mizani inayoonyesha tu nani yuko mbele ya nani haina haki ya kuchukuliwa wastani, kwa kuwa hatua kutoka ngazi ya 1 hadi ya 2 haijulikani kuwa sawa na hatua kutoka ya 4 hadi ya 5. Kitabu cha Sidney Siegel cha 1956 kiliufikisha mgawanyo huo kwa wanafunzi wengi wa sayansi za jamii, na tangu hapo ikawa desturi kusema: alama za hojaji zipimwe kwa Wilcoxon, si kwa t.

Desturi hiyo ina kosa ambalo Siegel mwenyewe alilitahadharisha. Kipimo cha Wilcoxon hupanga tofauti kwa ukubwa. Ili mtu aseme kwamba tofauti ya ngazi tatu ni kubwa kuliko ya ngazi moja, na kwamba tofauti mbili za ngazi moja zinalingana, lazima awe amekwisha kukubali jambo fulani juu ya urefu wa hatua. Anayekimbia dai la t na kukimbilia kwa Wilcoxon hajaliacha dai, amelipunguza tu. Ni kipimo cha ishara peke yake kisichohitaji ila kujua alama ipi ni ya juu.

5. Mfano wa kubuni: majibu 30, hukumu tatu

Ili jambo hili lionekane waziwazi, na tuwafikirie wahojiwa 30 wa kijiji cha ufukweni. Takwimu zifuatazo ni za kubuni, hazikutoka kwa mtu yeyote. Kila mhojiwa amekipa Kisuba alama na Kiluo alama, katika mizani ya 1 hadi 5. Watu 14 wamekizidishia Kisuba ngazi moja. Watu 6 wamekizidishia Kiluo ngazi tatu. Watu 10 wamezipa lugha zote mbili alama sawa.

Anayefuata wastani atajumlisha 14 upande wa Kisuba na 18 upande wa Kiluo, aseme Kiluo kimeongoza. Anayefuata ishara atahesabu watu 14 dhidi ya 6, aseme Kisuba kimeongoza. Anayefuata Wilcoxon ataziacha sawa zile 10, azipange tofauti 20 zilizobaki. Tofauti ndogo 14 zitagawana nafasi ya 1 hadi ya 14, kila moja ikipata 7.5, jumla 105. Tofauti kubwa 6 zitagawana nafasi ya 15 hadi ya 20, kila moja ikipata 17.5, jumla 105. Atasema lugha hizi zimelingana kabisa.

Ni kweli kwamba kwa watu wachache kama hao hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachofikia kiwango cha kukanusha sadfa. Hata kile cha ishara hutoa uwezekano wa takriban 12 kwa 100. Hata hivyo, mtafiti aliyezidisha idadi ya wahojiwa mara kumi, mpangilio ukabaki huu huu, angepata kwa kipimo cha ishara ushindi usio na shaka wa Kisuba, na kwa Wilcoxon karibu usawa. Vipimo vyote vimehesabu sawasawa. Vimetofautiana kwa sababu vimeulizwa maswali tofauti.

Kipimo cha ishara huuliza: wenye kupendelea lugha hii ni wengi kuliko wenye kupendelea ile? Kipimo cha t huuliza: mapenzi yote yakiwekwa kwenye mizani moja, upande upi ni mzito? Kwa huyu wa pili, haba na haba hujaza kibaba, lakini wachache wenye vibaba vizima waweza kuwashinda. Wilcoxon husimama kati ya hao wawili. Ofisa wa elimu anayetaka kujua kama wazazi walio wengi wataunga mkono somo la Kisuba anauliza swali la kwanza. Anayetaka kujua upinzani utakuwa mkali kiasi gani hawezi kuridhika nalo, kwa maana wale watu 6 hawakusitasita.

6. Walio sawa na walio mbali

Limebaki jambo la wale watu 10. Kipimo cha ishara huwaondoa katika hesabu, na Wilcoxon wa asili hufanya vivyo hivyo. John Pratt mwaka 1959 alipendekeza tofauti sifuri zipewe nafasi kwanza pamoja na nyingine, ndipo ziondolewe, ili uwepo wao uache alama katika hesabu. Hata hivyo, swali la mwanaisimu ni la ndani zaidi. Katika nchi ambayo bibi husema Kisuba, mama husema Kiluo na mjukuu huyasikia yote mawili, mtu anayezipa lugha zote mbili alama sawa hajakosa jibu. Huenda yeye ndiye aliyeieleza jamii yake kwa usahihi zaidi kuliko wote. Ripoti inayomtupa bila kumtaja imeitupa theluthi ya kijiji.

Jambo jingine ni ulinganisho wa Homa Bay na Migori. Hapa ndipo jozi huvunjwa pasipo haki, au huundwa pasipokuwapo. Mhojiwa wa Mfangano na mhojiwa wa Muhuru si jozi, hata idadi za wahojiwa zikilingana. Ni watu mbalimbali. Njia iliyo sahihi ni kuchukua kwanza tofauti ya kila mtu baina ya lugha zake mbili, kisha kuzilinganisha tofauti za kundi moja na za kundi la pili kwa kipimo cha makundi yasiyohusiana. Kipimo hicho Wilcoxon alikitoa katika makala yale yale ya 1945, na Mann na Whitney wakakiendeleza mwaka 1947. Jozi huishi ndani ya mtu, na ulinganisho wa mahali hufanywa baina ya watu. Aidha, watu wa boma moja husikilizana na kuigana. Kumi waliohojiwa katika boma moja hawana uzito wa kumi waliotoka katika maboma kumi.

Mwisho, hakuna kipimo kinachoweza kuponya jozi iliyoharibiwa wakati wa kuuliza. Kama lugha moja hutajwa kwanza daima, jibu la pili hufuata kivuli cha la kwanza. Nusu ya wahojiwa waanzishiwe na lugha hii, na nusu na ile. Kama anayeuliza anauliza kwa Kiluo, mzee wa Kisuba aweza kukisifu Kiluo kwa adabu tu, kama mgeni anavyosifu chakula cha mwenyeji wake.

7. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa haimpi mtafiti kipimo kimoja cha kutumia daima. Inampa utaratibu. Aandike swali lake kabla ya kwenda nyanjani, aamue kama anauliza ni wangapi au ni kwa kiasi gani, na achague kipimo kabla ya kuyaona majibu. Akiuliza ni wangapi, kipimo cha ishara kinamtosha, na wale walio sawa watajwe kwa idadi yao. Akiuliza ni kwa kiasi gani, aeleze kwa nini anaamini hatua za mizani yake zinalingana. Na hoja hiyo itakuwa na nguvu zaidi akirudi kwa Likert, akajumlisha maelezo mengi badala ya kulitegemea swali moja. Na kabla ya kipimo chochote, achapishe jedwali la jozi zenyewe, linaloonyesha ni wangapi waliotoa alama gani kwa lugha ipi, ili msomaji aweze kuhukumu kwa macho yake.

Jedwali hilo linahitajika hasa kwa lugha kama Kisuba. Wastani wa Kisuba na wastani wa Kiluo, ukichapishwa kila mmoja peke yake, hauwezi kuonyesha jambo waliloliona Rottland na Okombo mwaka 1986, kwa sababu jambo hilo halikuwa baina ya makundi mawili ya watu. Lilikuwa ndani ya mtu aliyekipenda Kisuba na kuwalea watoto wake kwa Kiluo. Wazazi wa namna hiyo ndio wanaopeleka watoto darasa la kwanza, na uamuzi wa lugha gani iandikwe ubaoni huko Mfangano au Muhuru utawafikia watoto hao kabla hawajajua kuna takwimu zilizokusanywa kwa ajili yao.